Bibi wa Lynn na Maneno Yake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Wanawake wa mji mmoja wa Uingereza, miaka 600 iliyopita

  

Kabla ya kuanza, namwomba mwalimu wa kila darasa aandike ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: UFUNGUO, BARUA, KITABU. Maneno yenyewe mnayajua. Yatazameni tu, maana tutayakuta moja baada ya jingine katika somo letu.

Nitaanza na swali nililoulizwa. Siku moja nilitembelea darasa la jioni. Wanafunzi walikuwa wakijifunza kuandika majina yao na mahali walipozaliwa. Mama mmoja mtu mzima, ameshika kalamu kama mtu anayetunga uzi katika sindano, akaniuliza, "Mwanangu, kusoma barua na kusoma hesabu ya dukani, faida yake naiona. Lakini kuandika maneno yangu mwenyewe kuna faida gani? Nani atataka kusoma habari za mama wa nyumbani?" Wenzake wakacheka, naye akacheka, lakini niliona kwamba hakuuliza kwa mzaha. Siku ile sikumjibu vizuri. Leo nataka kumjibu, na jibu langu ni habari za wanawake wa mji mmoja wa mbali, na hasa habari za mmoja wao.

Mji wenyewe uko upande wa mashariki wa Uingereza, katika jimbo la Norfolk, karibu na mahali ambapo mto Great Ouse huingia baharini. Siku hizi unaitwa King's Lynn, yaani Lynn ya Mfalme. Lakini zamani uliitwa Bishop's Lynn, yaani Lynn ya Askofu, kwa sababu Askofu wa Norwich ndiye aliyekuwa bwana wa mji. Jina lilibadilishwa mwaka 1537, wakati wa Mfalme Henry wa Nane.

Turudi nyuma mpaka miaka ya 1370 na kitu. Lynn ulikuwa bandari yenye shughuli nyingi. Mashua zilishuka kwa mito kutoka bara zikileta nafaka, sufu na nguo. Merikebu zilikuja kutoka Norway na miji ya Wajerumani, zimepakia samaki wakavu, mbao, nta na ngozi za manyoya. Kulikuwa na masoko mawili, moja la Jumamosi na moja la Jumanne, na karibu na soko la Jumamosi lilisimama kanisa kubwa la Mtakatifu Margaret. Watu wazima wa wakati ule walikuwa wakikumbuka msiba mkubwa: tauni ya mwaka 1348 na 1349, iliyoua watu wa Uingereza labda thuluthi moja, labda hata nusu.

Je, wanawake wa mji kama ule walifanya kazi gani? Walifanya kazi nyingi. Walisokota nyuzi za sufu, maana nguo zote zilianza katika vidole vya msokotaji. Walioka mikate, waliuza samaki, mishumaa na mboga. Wasichana wengi walitumika katika nyumba za watu kabla ya kuolewa. Mke wa fundi alimsaidia mumewe katika kazi, na pengine aliijua kazi ile sawasawa na mume. Mke wa mfanyabiashara alitazama watumishi, chakula na fedha ya nyumba wakati mume yuko safarini.

Lakini kazi ni jambo moja, na haki ni jambo jingine. Hapakuwa na mwanamke aliyechaguliwa kuwa meya wa Lynn wala mjumbe wa baraza la mji. Kwa sheria ya nchi, mwanamke akiolewa, fedha na vyombo vyake huwa mali ya mume, wala hawezi kufanya mapatano ya mali bila yeye. Ni kweli kwamba katika London na miji mingine kadhaa kulikuwa na desturi ya kumsaidia mke mwenye biashara yake. Katika mambo ya biashara ile alihesabiwa kama mtu asiye na mume. Akidai, anadai yeye. Akidaiwa, anadaiwa yeye. Na mjane alikuwa na nafasi kubwa zaidi. Alipata kutumia sehemu ya ardhi ya marehemu mumewe maisha yake yote, kwa kawaida thuluthi moja, na wajane wengine waliendesha biashara kwa jina lao wenyewe.

Kulikuwa na kazi moja iliyokuwa karibu yote mikononi mwa wanawake, nayo ni kupika pombe. Wale miongoni mwenu wanaojua kimea watafahamu upesi. Mpika pombe alichukua shayiri, akailoweka mpaka ikachipua, akaikausha, akaisaga, akaitia katika maji ya moto, kisha akaiumua. Pombe ile haikudumu. Baada ya siku chache huchacha, basi ilibidi kupika mara kwa mara na kuuza karibu. Watu waliinywa kila siku pamoja na chakula, wakubwa kwa wadogo. Mwanamke akipika ya kuzidi mahitaji ya nyumbani, aliwauzia majirani, akapata fedha kidogo mkononi.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Tunajuaje habari za wanawake hao? Tunajua kwa sababu ya faini. Tangu karne ya 13 palikuwa na sheria ya kupanga bei ya pombe kulingana na bei ya nafaka, na wakaguzi waliionja. Aliyevunja sheria alitozwa faini, na karani akaandika jina lake. Mwanamke aliyepika pombe maisha yake yote, akalea watoto, akazika wazazi, akasaidia majirani, ameachia dunia mstari mmoja tu: jina lake na faini aliyotozwa. Na mara nyingine hata mstari huo haukuwa wake. Karani aliandika jina la mume, ingawa mke ndiye aliyepika. Hivi ndivyo inavyokuwa wakati kalamu iko mkononi mwa mtu mwingine siku zote. Huandika anachokitaka yeye.

Basi katika mji huo wa Lynn alizaliwa, karibu na mwaka 1373, mtoto wa kike jina lake Margery. Baba yake, John Brunham, alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa meya wa Lynn mara tano, aliuwakilisha mji katika Bunge, na aliongoza Chama cha Utatu Mtakatifu, ambacho kilikuwa chama cha wafanyabiashara wenye nguvu mjini. Majina ya vyeo vyake yote yameandikwa. Margery hakufundishwa kuandika, ingawa alikuwa binti ya mtu kama huyo. Vitabu alisomewa na wengine. Alipokuwa na umri wa miaka 20 na zaidi kidogo aliolewa na John Kempe, mwenyeji wa mji, akawa Margery Kempe.

Hapa tunafikia neno letu la kwanza: UFUNGUO.

Baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, Margery aliugua sana. Akili yake ilichafuka. Aliona mashetani yakimwita, aliwatukana watu wake, alijiuma mkono hata kovu likabaki maisha yake yote. Ilibidi afungwe usiku na mchana asijiue. Hali hii ilidumu zaidi ya nusu mwaka. Leo waganga wanajua kwamba mama aliyejifungua aweza kupatwa na ugonjwa wa akili, na kwamba unatibika. Wakati ule watu walimfunga tu na kungoja.

Kisha siku moja alipata nafuu. Yeye mwenyewe alisema kwamba alimwona Yesu ameketi kando ya kitanda chake. Na jambo la kwanza alilofanya alipotulia ni kumwomba mumewe ampe funguo za chumba cha vyakula na vinywaji, kama zamani. Watumishi na wauguzi wakamwambia mume asimpe, maana atagawa kila kitu kilichomo. Lakini John Kempe, aliyekuwa mtu mpole na aliyemhurumia mkewe, aliamuru apewe. Margery akafungua chumba, akala, akanywa, akawatambua watu wa nyumba yake.

Kwa nini aliomba funguo kabla ya jambo jingine? Mama wenye nyumba mliopo darasani hamhitaji kuelezwa. Mwenye ufunguo wa ghala ndiye mwenye nyumba. Mwanamke wa Lynn hakuwa na kiti katika baraza la mji, lakini funguo zilizoning'inia kiunoni zilikuwa cheo chake. Kurudishiwa funguo ni kurudishiwa utu.

Baadaye Margery alitaka fedha yake mwenyewe, akaanza kupika pombe. Kwa miaka mitatu au minne alikuwa mmoja wa wapika pombe wakubwa katika mji. Kisha mambo yakaharibika. Pombe ilianza kuumuka vizuri, povu likapanda juu, halafu likashuka, na pipa lote likaharibika. Ikawa hivyo mara kwa mara mpaka watumishi wake wakaona haya wakamwacha. Akapoteza fedha nyingi. Hakukata tamaa upesi. Alifungua kinu cha kusaga nafaka, akatafuta farasi wawili wazuri wa kukizungusha na mtu wa kuwaendesha. Farasi wakagoma. Mwendeshaji akawavuta kwa kichwa, akawapiga, akampanda mmoja, lakini farasi badala ya kwenda mbele akarudi nyuma. Mwendeshaji akaondoka. Majirani wakasema kwamba mama huyu amelaaniwa. Margery mwenyewe aliona kwamba Mungu anamwonya kwa sababu ya kiburi chake na kupenda kwake mavazi ya fahari.

Tangu hapo moyo wake uligeukia mambo ya dini. Alisali sana, na kila alipofikiri mateso ya Yesu alilia kwa sauti kubwa, kanisani na njiani. Watu wengine walimwona mtakatifu. Wengine walimwona mnafiki. Wengine walichoka na kelele tu. Alikuwa amezaa watoto 14, na sasa alitaka kuishi kama mtawa na kwenda kuhiji Yerusalemu. Lakini hakuweza kufanya hivyo bila ruhusa ya mumewe.

Siku moja ya joto mwezi wa Juni, mwaka 1413, mke na mume walikuwa wakitembea kutoka York. Mke amechukua chupa ya pombe, mume ametia mkate kifuani mwa vazi lake. Wakakaa chini ya msalaba uliokuwa njiani wakafanya mapatano. Mume alikuwa na madeni. Mke akamwambia kwamba atalipa madeni yake yote kabla ya kwenda Yerusalemu, na kwamba siku za Ijumaa atakula pamoja naye badala ya kufunga. Naye mume asimdai unyumba tena. Mume akakubali. Wakasali, wakala mkate wao, wakanywa pombe yao kwa furaha. Kabla ya safari, kasisi akatangaza kanisani Lynn kwamba yeyote anayemdai Margery au mumewe aje kusema naye. Akawalipa. Tazameni: sheria ilisema kwamba fedha ya mke ni ya mume, lakini mapatano ya nyumba ile yaliamuliwa na yule aliyeweza kulipa.

Akaenda Yerusalemu akarudi, akapitia Venice na Rome. Aliporudi, hatari kubwa ilikuwa ikimngojea nchini mwake. Hapa ndipo neno letu la pili linapoingia: BARUA.

Mwaka 1401 Uingereza ilitunga sheria kwamba mtu anayefundisha dini kinyume cha Kanisa, akishikilia uzushi wake, achomwe moto. Wa kwanza kuchomwa, mwaka ule ule, alikuwa William Sawtry, aliyewahi kuwa kasisi katika kanisa la Mtakatifu Margaret huko Lynn, kanisa la Margery mwenyewe. Basi mwanamke aliyetembea nchini akizungumza habari za Mungu mbele ya watu alikuwa akicheza na moto kweli kweli.

Mwaka 1417 alikamatwa katika mji wa Leicester. Meya akamwuliza anatoka wapi na ni binti ya nani. Akajibu kwamba anatoka Lynn, kwamba baba yake alikuwa meya wa mji huo mara tano, na mumewe ni mwenyeji wa mji. Sikilizeni jibu hilo. Alipokuwa hatarini alijikinga kwa cheo cha baba na jina la mume. Kisha ofisa mmoja akamsemesha kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Margery akamwomba aseme Kiingereza, maana Kilatini hakukijua.

Kutoka hapo akaenda York, akapelekwa mbele ya Askofu Mkuu, Henry Bowet. Askofu akamwambia kwamba amesikia kuwa yeye ni mwanamke mwovu. Margery akajibu kwamba naye amesikia watu wakisema kuwa Askofu ni mtu mwovu. Wakamtaka aape kwamba hatafundisha watu katika jimbo lile. Akakataa. Kasisi mmoja akaleta kitabu na kumwonyesha maneno ya Mtakatifu Paulo, kwamba mwanamke asihubiri. Margery akajibu kwamba yeye hapandi mimbarani. Anazungumza tu maneno mema, na kuzungumza hatakuacha maadamu yu hai. Waliomshtaki walikuwa na kitabu mkononi, naye alikuwa na ulimi tu, lakini hawakuweza kumshinda. Askofu akamwachilia.

Wanawake wenzake walimpokeaje? Wengine hivi, wengine vile. Katika mji wa Hessle wanawake walitoka mbio nyumbani mwao, vijiti vya kusokotea sufu mikononi, wakipiga kelele kwamba mzushi huyu achomwe moto. Lakini huko Beverley, alipofungiwa chumba cha juu katika nyumba ya mtu, alisimama dirishani akawasimulia hadithi njema waliopita, na wanawake wakalia wakimwonea huruma asije akachomwa. Akaona kiu, akaomba kinywaji. Mke wa mwenye nyumba akasema kwamba mumewe amechukua ufunguo. Basi wanawake wakaweka ngazi dirishani, wakampa divai katika chombo pamoja na kikombe, wakamwomba avifiche ili mwenye nyumba akirudi asivione. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mume, lakini wanawake walipata njia nyingine.

Margery akafahamu kwamba maneno ya mdomo hayatoshi. Akaenda London, akapata kwa Askofu Mkuu wa Canterbury barua yenye mhuri ya kushuhudia kwamba hana hatia. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani pamoja na mumewe, karibu na mji wa Ely, mtu mmoja akawafuata mbio akawakamata, akataka kuwapeleka gerezani, akawatukana sana. Mwishowe barua ikatolewa. Mtu yule akaisoma. Mara moja uso wake ukageuka, akasema kwa adabu, akauliza kwa nini hawakumwonyesha barua tangu mwanzo.

Wanafunzi wenzangu, fikirini jambo hilo. Mwanamke ni yule yule, imani yake ni ile ile, njia ni ile ile. Maelezo yake hayakumtuliza mtu yule, lakini karatasi ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisoma ilimwokoa.

Miaka ikapita. Tarehe 23 Januari 1421 moto mkubwa ulizuka Lynn ukateketeza ukumbi wa Chama cha Utatu. Kanisa nalo lilikuwa hatarini. Watu waliokuwa wakikasirishwa na kilio cha Margery siku nyingine, siku ile walimwacha alie na kuomba kadiri alivyoweza. Theluji ikaanguka, moto ukazimika. Ukumbi ulijengwa upya, na jengo hilo bado limesimama. Kisha mumewe alipokuwa mzee alianguka ngazini akaumia kichwa vibaya. Margery akamchukua nyumbani akamtunza miaka mingi, hata akili za mzee zikawa kama za mtoto. Alimfulia, alimwoshea, alinunua kuni nyingi za kumtia joto. Mara nyingi alichoka, wala hakuficha kwamba kazi ile ilikuwa nzito. John Kempe alikufa karibu na mwaka 1431.

Sasa tunafikia neno la tatu: KITABU.

Tangu zamani makasisi wengine walikuwa wamemshauri Margery aandikishe habari zake, akakataa. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Alipokuwa mzee ndipo alipoona kwamba wakati umefika. Lakini nani ataandika? Alimpata mtu wa kwanza, Mwingereza aliyekuwa ameishi Ujerumani na kuoa huko. Wataalamu wengi hufikiri kwamba alikuwa mwanawe mwenyewe. Margery akasema, mtu yule akaandika, mpaka akafa. Margery akampelekea kasisi daftari lile. Kasisi akalitazama akashindwa. Lugha yake haikuwa Kiingereza safi wala Kijerumani, na herufi zilikuwa mbaya mno. Aliahidi kulishughulikia, kisha akaogopa kwa sababu watu walimsema Margery vibaya, akaahirisha kwa zaidi ya miaka minne. Margery akampa mtu mwingine, akamlipa vizuri. Yule akaandika kama ukurasa mmoja tu, akaacha.

Mwishowe moyo ukamsuta kasisi, akajaribu tena. Safari hii macho yalimtia taabu, akavaa miwani, ikawa vibaya zaidi. Margery akamwambia amwombe Mungu wala asikate tamaa. Akaomba, akaona vizuri. Mwaka 1436 wakaanza upya: kasisi akisoma daftari la zamani, Margery akisahihisha, maneno yakiandikwa sawasawa. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi. Mwaka 1438 wakaanza sehemu ya pili. Mwaka huo huo jina la Margeria Kempe linaonekana katika hesabu za Chama cha Utatu, chama ambacho baba yake alikiongoza zamani.

Ndani ya kitabu hajiiti "mimi". Anajiita "kiumbe huyu". Anasimulia ushindi wake na aibu zake, pombe iliyoharibika, farasi waliogoma, safari, vitisho vya moto, na kazi ya kumwosha mzee. Watu wengi hukihesabu kuwa kitabu cha kwanza katika lugha ya Kiingereza cha mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe.

Lakini karibu kingepotea. Karibu na mwaka 1501 kurasa chache za sala zilizotolewa ndani yake zilichapishwa. Kitabu kizima hakikujulikana kilipo kwa karne nyingi. Mwaka 1934 nakala moja, iliyoandikwa kwa mkono, iligunduliwa katika nyumba ya jamaa moja ya Kiingereza, na mtaalamu mwanamke kutoka Marekani, Hope Emily Allen, akatambua kwamba ni kitabu cha Margery Kempe. Maneno yake kama yalivyoandikwa yalichapishwa mwaka 1940. Nakala ile sasa iko katika Maktaba ya Uingereza mjini London.

Basi yule mama wa darasa la jioni aliniuliza: nani atataka kusoma habari za mama wa nyumbani? Sasa namjibu. Mama, wanawake wa Lynn walikuwa wengi. Walipika pombe, walisokota sufu, walishika funguo, waliweka ngazi dirishani kumsaidia mwenzao. Karibu wote wamepotea, isipokuwa wale waliotozwa faini. Mmoja aliyesema "andika" tunamjua kama jirani yetu. Nasi tunawajua kidogo wale wengine kwa sababu ya yeye, maana alipoandikisha habari zake aliwaandikisha nao. Wanaosoma habari zake siku hizi ni watu asioweza kuwafikiri kamwe.

Tena Margery alipata taabu miaka mingi kwa sababu ilimbidi kungoja kalamu ya mtu mwingine. Mmoja alikufa, mmoja aliogopa, mmoja alichukua fedha akaacha kazi. Wewe, mama, unajifunza kushika kalamu mwenyewe. Hutamngoja mtu.

Namwomba kila mwanafunzi, kabla ya somo lijalo, aandike sentensi tatu: kazi moja aliyoifanya mama yake, neno moja ambalo mama yake alipenda kulisema, na jina kamili la mama yake. Hilo la mwisho msilisahau. Katika kitabu chake Margery alisema sana habari za cheo cha baba yake, lakini jina la mama yake hakulitaja.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Margery aliomba funguo alipopata nafuu?

2. Wanawake wa Lynn walikuwa na nguvu gani, na walinyimwa haki gani?

3. Kwa nini barua ilimwokoa njiani karibu na Ely, wakati maneno ya mdomo hayakutosha?

4. Je, umepata kumwomba mtu akusomee au akuandikie jambo? Ilikuwaje?